Njaa inaanza mu kichwa, hapana mu tumbo

Wandugu, mu migodi yetu ya Katanga kuko maneno mawili juu ya mwili munene, na yote mawili mutu mumoja anaweza kuyasikia siku moja. Asubuhi mu kantini, mwenye tumbo ni boss, anakula muzuri, bibi yake anamutunza. Kiisha anaingia kwa munganga kwa visite ya mwaka, mizani inapita kilo 110, tansio iko juu, na jina linageuka: mulafi, hajui kujizuia. Mu kazi yetu jina hili la pili ni hatari. Shofere wa kamyo kubwa akiandikwa kama mwili wake haufai, anashushwa, na mushahara unashuka pamoja naye.

Sisi madelege wa sindika tunaletewa kesi hizi, na kila mara jibu ni moja: "Afunge kinywa, basi." Lakini ile wenye elimu wamevumbua juu ya njaa inageuza mabishano yote, na wafanyakazi wako na haki ya kuijua.

Tuanze na panya. Mu 1949, mu maabara ya Jackson, kule Bar Harbor mu Marekani, walionekana panya wenye kula bila kuacha, mupaka uzito wao unafika mara tatu ya wenzao. Wazazi wao walikuwa wa kawaida. Kumbe ni jeni moja tu iliharibika. Nyuma, Douglas Coleman wa maabara ile ile akaunganisha damu ya panya munene na damu ya panya muzima. Yule munene akapunguza kula, akakonda. Basi mu damu mulikuwa kitu chenye kusema "tosha". Coleman hakukishika kwa mukono. Waliokishika ni Jeffrey Friedman na wenzake mu New York, mwaka 1994: ni homoni, wakaiita leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mwembamba.

Na nani anaitengeneza leptini? Mafuta yenyewe ya mwili! Mutu wa mgodi atafahamu mbio. Mafuta ni depo, na leptini ni karatasi ya magazinie yenye kupanda kila siku kwa direksio: stock iko, ao stock inaisha. Direksio iko chini kabisa ya ubongo, mu sehemu ndogo yenye kuitwa hipothalamusi. Humo muko seli za aina mbili zenye kubishana, kundi moja linasema kula, lingine linasema acha. Mu 2005 watafiti waliua seli za "kula" mu panya wakubwa: wakaacha kula, na chakula kiko mbele yao. Mu 2011 wengine wakaziwasha kwa mwanga, na panya aliyekuwa ameshiba akaanza kula tena kwa nguvu mu dakika chache. Panya yule alikuwa mulafi? Walifungua swichi, ni vile tu.

Kwa watu ilionekana mu 1997. Mu Uingereza, waganga wa Cambridge walipima watoto wawili wa ukoo mumoja wenye asili ya Pakistan. Binti wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na kijana wa miaka 2 kilo 29. Damu yao haikukuwa na leptini karibu hata kidogo. Binti alipoanza kuchomwa sindano za leptini, alipoteza kilo 16 mu mwaka mumoja. Hakuna aliyemuhubiria ajizuie. Walimupa karatasi ya magazinie, na direksio ikasoma.

Kesi sawa hizo ni chache sana duniani, tusidanganyane. Wengi wenye mwili munene wako na leptini mingi, lakini ubongo hauisikie muzuri, na kuwaongezea haisaidie sana. Na kwa wengi haiko jeni moja, ni nyingi, kila moja inaongeza kidogo. Ile ya FTO, iliyojulikana mu 2007, mwenye kuirizi kwa baba na kwa mama pia anazidi wengine kilo 3 hivi.

Mu Danmark, mu 1986, walifuata watu 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa: uzito wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa, hapana wa wale waliowapikia. Na mu Québec, mapacha 12 kwa 12 walilishwa kalori 1000 zaidi kwa siku, siku 84. Chakula kilikuwa kimoja, lakini mumoja aliongeza kilo 4 tu na mwingine kilo 13. Mapacha wenyewe kwa wenyewe walifanana. Sasa muone wawili wetu mu meza moja, bukari moja, sombe moja!

Kuko tena jambo lenye kuumiza wenzetu. Munganga anasema "punguza kilo kumi", mutu anajikaza, anazipunguza, kiisha miezi sita zinarudi. Watu wanacheka. Lakini depo ikipungua, leptini inashuka, na ubongo unafikiri ni mwaka wa njaa: unaongeza hamu ya kula, unabana mwili uchome kidogo. Mutu anapigana na direksio yake mwenyewe, usiku na mchana.

Mzee mumoja atatuuliza: kama ni jeni, mbona baba zetu wa wakati wa posho hawakukuwa hivi? Swali nzuri. Jeni hazikugeuka. Baba zetu walipiga pelle, walitembea kilometa mingi, na sucré ilikuwa ya siku kuu. Leo tunakaa mu kiti cha mashini saa kumi na mbili. Jeni ile ile ilikuwa imelala, sasa imepata nafasi.

Na hapa usingizi unaingia. Mu Chicago, mu 2004, walipima vijana 12 wazima: mausiku mawili ya kulala saa 4 tu, na mausiku mawili ya kukaa mu kitanda saa 10. Walipolala kidogo, leptini ilishuka 18%, grelini, homoni yenye kuamsha njaa, ilipanda 28%, na hamu ilienda zaidi kwa sukari, chumvi na vya unga. Hao walikuwa vijana wazima, mausiku mawili tu! Mwenye kulala mchana mu nyumba ya mabati, watoto wanacheza inje, hiyo ni maisha yake ya miaka kumi.

Mu kantini ya site moja, saa nane ya usiku kuko mukate mweupe, mikate ya mafuta na sucré ya baridi. Samaki inaisha mangaribi. Mu barua yetu kwa direksio tuliomba maharagi na mboga za usiku, mausiku yasipite manne mfululizo, na shofere mwenye kuongeza kilo atunzwe tansio mbele ya kushushwa. Walikubali maharagi. Juu ya mausiku, walisema watafikiri.