Unyevu, Hewa na Harufu katika Hema la Uyoga

Uyoga wa mamama ni zao la mtu asiye na shamba kubwa. Hautaki ekari wala jembe. Wataka majani makavu, maji safi, kivuli, na mtu mwangalifu. Kwa sababu hiyo wako wakulima wanaoulima ndani ya nyumba. Huchukua pembe moja ya chumba, au banda la uani, wakasimamisha fito, wakazizungushia karatasi ya nailoni, wakapata hema dogo. Ndani ya hema hupanga mifuko iliyojazwa mabua ya ngano, majani ya migomba au magunzi yaliyopondwa, na humo uyoga huota.

Lakini zao la ndani ya nyumba si kama mahindi. Mahindi yakiharibika yameharibika shambani. Uyoga ukiharibika, fedha ya mbegu imepotea, tena uvundo wake waingia chumba walalamo watoto, na jirani hunung'unika. Ndipo mkulima hukata tamaa, akang'oa hema lake, akasema kwamba uyoga ni kazi ya watu wenye mitambo. Sivyo. Mara nyingi shida yake ni kwamba mambo matatu, yaani unyevu, hewa na harufu, ameyatafutia dawa tatu mbalimbali, kumbe ni jambo moja lenye nyuso tatu. Karatasi hii yaeleza jinsi ya kuyaendesha pamoja.

UYOGA HUPUMUA

Mmea wenye majani ya kijani hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Uyoga hauwezi. Hula mimea iliyokufa, nao hupumua kama tupumuavyo sisi: huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Katika hewa ya nje, hewa ya ukaa ni kidogo mno, kiasi cha sehemu 4 na kitu katika sehemu 10,000. Ndani ya hema lililofungwa huongezeka upesi.

Wakati utando mweupe unapoenea mfukoni, yaani majuma 2 mpaka 4 ya kwanza, uyoga huvumilia hewa nzito. Lakini vitumba vianzapo kutokeza, yafaa hewa ya ukaa isizidi sehemu 10 katika 10,000. Ikizidi, uyoga hurefusha mguu kama mtu atafutaye dirisha, na mwavuli wake hubaki mdogo kama kifungo. Huna haja ya kununua chombo cha kupimia hewa hiyo. Mguu mrefu na mwavuli mdogo ndicho kipimo chako. Ukiviona, ongeza hewa siku ile ile.

UNYEVU UPASAO

Uyoga mbichi, karibu sehemu 9 katika 10 za uzito wake ni maji. Kwa hiyo wakati wa kuzaa hutaka hewa yenye unyevu wa 80 mpaka 90 kwa mia. Ukipungua sana, vitumba hukauka na kugeuka rangi, na kingo za mwavuli hupasuka. Ukizidi hata matone yakakaa juu ya mwavuli bila kukauka, vijidudu vya ugonjwa huingia. Uyoga hupata madoa ya manjano au ya kahawia, kisha hulegea na kuteleza. Hapo maji yamezidi unga.

Kipimo cha unyevu chauzwa madukani, lakini waweza kujitengenezea. Chukua vipima joto viwili vilivyo sawa. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kifunge kitambaa safi cha pamba penye tumba lake, na ncha ya kitambaa itumbukie katika kikombe cha maji. Vitundike mahali penye upepo kidogo, ngoja robo saa, kisha visome. Kile chenye kitambaa kitaonyesha baridi zaidi, kwa kuwa maji yanayokauka hupoza. Ikiwa kikavu chasoma digrii 25 na cha maji chasoma 23, unyevu ni kama 84 kwa mia, nao wafaa. Ikiwa cha maji chasoma 20, unyevu ni kama 63 tu, na uyoga wako una kiu.

Kumbuka tena kwamba hewa ya moto ina tumbo kubwa: hubeba maji mengi kabla ya kushiba. Kwa hiyo saa 8 mchana hema huwa kavu ingawa ulilinyunyizia asubuhi, na alfajiri, hewa ipoapo, maji yale yale hudondoka kutoka katika nailoni kama mvua. Asiyelijua jambo hili hunyunyiza jioni kwa wingi, na kulipokucha hukuta mifuko imelowa chapachapa.

SWALI LIULIZWALO SANA

Wakulima huniuliza hivi: "Bwana Shamba, nikifungua hema unyevu hukimbia, nikilifunga, nyumba hunuka. Nishike lipi?"

Nami hujibu: "Mama, usichague. Acha hewa iingie siku zote, lakini ipitie kwenye maji kwanza."

Maana yake ni hii. Kufungua hema lote mara moja kwa siku, kisha kulifunga mpaka kesho, ni kuupa uyoga njaa na shibe kwa zamu. Lililo bora ni matundu madogo yaliyo wazi daima. Toboa tundu moja chini, karibu na sakafu, la upana wa shibiri moja na nusu kila upande. Toboa la pili juu, karibu na dari ya hema, upande unaokabiliana na la kwanza. Hewa yenye joto hupanda ikatokea juu, na ya baridi huingia chini kushika nafasi yake. Mbele ya tundu la chini tundika gunia safi lililoloweshwa maji. Upepo ukipenya katika gunia hupoa na kulowa, ukafika kwenye uyoga ukiwa umekwisha kushiba. Fua gunia hilo mara kwa mara, maana likioza huwa lenyewe chanzo cha uvundo.

Matundu yote mawili yafunike kwa kitambaa chepesi kilichofumwa kwa karibu ili kuzuia inzi wadogo watagao mayai katika mifuko. Kwa kuwa kitambaa hupunguza upepo, ongeza ukubwa wa tundu kidogo.

Lipo jambo wengi hulisahau. Hema lisivute hewa na kuitema katika chumba kile kile. Tundu la juu liunganishwe na nje ya nyumba kwa mfereji wa nailoni au bomba pana, na mdomo wake uelekee mbali na jiko, madirisha ya vyumba vya kulala na baraza la jirani. Kabla ya kuingiza mifuko, washa kijiti cha udi ukishike karibu na tundu la chini. Moshi ukipinda kuingia ndani, na baada ya kitambo ukatokea juu, njia ya hewa ni njema. Ukisimama palepale, rekebisha matundu kwanza.

Mwenye umeme aweza kutumia feni ndogo. Aiweke kwenye tundu la juu ivute hewa kwenda nje. Asiielekeze kwenye mifuko, maana upepo mkali hukausha vitumba. Hema la urefu wa mita 3, upana mita 2 na kimo mita 2 lina mita 12 za ujazo. Uyoga uzaao hutaka hewa ya hema ibadilike kama mara 5 kwa saa. Basi feni ya kuvuta mita 60 za ujazo kwa saa yatosha.

Kila nchi ina desturi yake. Mkulima wa Dodoma wakati wa kiangazi apunguze matundu na kulowesha gunia mara nyingi. Mkulima wa Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika aondoe gunia, kwa kuwa hewa ya nje imekwisha shiba, naye ahangaikie upepo kuliko maji. Mkulima wa Njombe apunguze matundu usiku kwa ajili ya baridi, lakini asiyazibe kabisa.

HARUFU NI HABARI

Mifuko iliyo mizima hunukia uyoga mbichi, na chumba hunuka kama msitu baada ya mvua. Harufu nyingine yoyote ni mjumbe, na mjumbe hafukuzwi kabla hajasema alilotumwa. Kupulizia manukato, kufukiza ubani au kupulizia dawa ya mbu hakuondoi kitu. Ni kumziba mdomo aliyekuja kukuonya, tena dawa hiyo yaweza kubaki katika uyoga utakaoliwa.

Harufu ya uchachu, kama togwa iliyoharibika, maana yake mfuko una maji mengi na hewa imekosekana chini yake. Utaona maji ya manjano yamejikusanya. Toboa kitako cha mfuko yatoke. Safari ijayo, kabla ya kujaza, fumbata majani yaliyochemshwa na kuyakamua kwa nguvu: yadondoke matone mawili matatu tu, yasitiririke.

Harufu ya kuchoma pua na kuliza macho, kama ya banda la kuku lisilofagiliwa, hutokana na pumba au samadi kupita kiasi. Majani yenye harufu hiyo usiyatie mbegu. Yatandaze yapate hewa mpaka harufu iishe, ndipo uyachemshe.

Harufu ya ukungu, pamoja na unga wa kijani juu ya utando, ni ugonjwa wa kuvu ya kijani. Usiupigepige mfuko wala kuufungua humo hemani, maana unga huo ndio mbegu ya ugonjwa. Uvike mfuko mwingine taratibu, uutoe nje, uufukie mbali. Uliochelewa kutolewa huambukiza jirani zake.

Uvundo wa kitu kilichooza hutoka katika uyoga uliozeeka, au vipande vya miguu vilivyoachwa baada ya kuchuma. Uchumapo, ng'oa shada zima pamoja na shina lake, ufagie na kutoa takataka siku ile ile. Mifuko iliyokwisha kuzaa mara 3 au 4 isikae ndani. Ipeleke kwenye shimo la mboji, nayo itakuwa mbolea nzuri ya bustani.

HABARI YA MAKAA

Katika nchi za Ulaya na Marekani huuzwa mahema ya kuoteshea mimea ndani ya nyumba, yenye feni na kopo la makaa maalumu yanayoshika harufu hewa ipitapo. Wako wakulima wanaouliza kama gunia la mkaa wa jikoni laweza kufanya kazi hiyo. Laweza kidogo, lakini nguvu yake ni ndogo sana kuliko ya makaa yale yaliyotengenezwa kwa kusudi hilo. Tena hata hayo maalumu hudhoofika katika hewa yenye unyevu mwingi, kwa kuwa maji huzijaza tundu ndogo ambazo harufu ingeshikwa ndani yake. Na hema la uyoga ni la unyevu daima. Kwa hiyo usiweke tumaini lako katika makaa. Usafi na bomba la kutoa hewa nje hufanya zaidi, kwa gharama ndogo. Na kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba hicho ili kukipasha joto ni mwiko kabisa. Hewa yake huua watu.

VIFUA VYA WATU WA NYUMBANI

Uyoga ukikomaa mno, kingo za mwavuli hunyooka na kujikunja juu, kisha hutoa vumbi jeupe jepesi kwa wingi. Vumbi hilo halina harufu, na kwa hiyo ni la hatari zaidi: mtu alivutaye siku nyingi aweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Basi chuma mapema, kingo zingali zimeinama chini. Uingiapo, funga kitambaa safi puani na mdomoni. Mtu yeyote asilale katika chumba chenye hema, wala mtoto mchanga asibebwe humo. Mwenye pumu ampe mwenziwe kazi hiyo.

KAZI ZA KILA SIKU

Asubuhi, kabla ya kugusa maji, ingia unuse. Pua huzoea harufu upesi, na pumzi ya kwanza ndiyo isemayo kweli. Tazama miguu ya uyoga, kisha soma vipimo. Chuma uliokomaa, fagia, toa takataka. Ndipo unyunyize sakafu na kuta za hema kwa maji safi, si vitumba vyenyewe. Mchana, saa 6 au 7, lowesha gunia tena. Alasiri nyunyiza kidogo ikiwa vipimo vyaonyesha ukavu, na uhakikishe kwamba miavuli imekauka matone kabla ya jua kuchwa. Usiku maji yasiongezwe.

Mwenye kuanza asianze na mifuko mia. Aanze na 10, aiangalie mpaka imalize kuzaa, na kila asubuhi aandike katika daftari vipimo, sura ya miguu na harufu aliyoikuta. Akiisha kuijua desturi ya chumba chake mwenyewe, ndipo aongeze mifuko, na kila aongezapo mifuko apanue matundu pia, kwa kuwa wapumuao wamezidi.