Dumu la Petroli Uani: Hesabu ya Akiba na Hasara Yake

Biashara ya rejareja ya mafuta katika Tanzania na Kenya hufuata kalenda, kwa kuwa bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hupangwa na serikali mara moja kwa mwezi. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei kikomo ni kiwango ambacho kituo cha mafuta hakiruhusiwi kukivuka, ingawa kinaweza kuuza chini yake. Nchini Kenya, mamlaka ya EPRA hutangaza tarehe 14, na bei hiyo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kwa kuwa siku ya tangazo hujulikana mapema, wapo wenye magari na pikipiki wanaojaza madumu kabla ya siku hiyo na kuyaweka nyumbani, wakitumaini kwamba bei ikipanda watakuwa wameokoa fedha. Matumaini hayo yanastahili kupimwa kwa hesabu, kwani dumu la petroli lina faida moja ya kweli, nayo ni ya umbali. Upande wa bei, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba dereva wa bodaboda anatumia lita 4 kwa siku, na kwamba amehifadhi dumu la lita 20 muda mfupi kabla bei haijapanda kwa shilingi 100 za Tanzania kwa lita. Akiba yake yote ni shilingi 2,000, na akiba hiyo huisha baada ya siku 5, kwa sababu siku ya sita atarudi kituoni kununua kwa bei mpya kama wenzake. Bei ikishuka, dumu lilelile humletea hasara ya kiasi hichohicho, na wakati wote fedha iliyonunulia mafuta hayo imelala uani badala ya kuzunguka katika kazi. Kukisia mwelekeo wa bei nako si jambo jepesi, kwa kuwa hutegemea bei ya soko la dunia ya wiki zilizotangulia, gharama za kuleta shehena bandarini, kodi na tozo, pamoja na thamani ya shilingi dhidi ya dola.

Hesabu hubadilika inapofika vijijini, ambako kituo cha karibu kinaweza kuwa umbali wa kilomita 15 au zaidi. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita hutumia takriban theluthi mbili ya lita kwa safari ya kilomita 30 za kwenda na kurudi, mbali na muda wa kazi unaopotea njiani, na dereva anayejaza lita 4 tu kila mara hupoteza hivyo karibu moja ya sita ya mafuta aliyoyanunua. Hiyo ndiyo asili ya petroli inayouzwa katika chupa za maji juu ya meza kandokando ya barabara: muuzaji huleta madumu kadhaa kwa safari moja, kisha huongeza bei kwa kila chupa, na mnunuzi hukubali kwa kuwa nyongeza hiyo ni ndogo kuliko gharama ya safari yake. Wavuvi wenye mashine za boti nao hulazimika kubeba akiba ya petroli, ambayo kwa injini za mipigo miwili huchanganywa na oili, kwa mfano mililita 400 kwa lita 20 ikiwa kiwango cha mtengenezaji ni sehemu 50 kwa 1. Wenye matrekta na mashine za kusaga huweka dizeli katika mapipa ya lita 200. Kwa watu hawa akiba ya mafuta ni sehemu ya mtaji, na makosa yao katika kuihifadhi huwagharimu kuliko mabadiliko yoyote ya bei.

Hasara ya kwanza ni ya ubora. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini kuwaka haraka, hutoroka kwanza kama mvuke kifuniko kikilegea; vinavyobaki huungana na hewa na kufanya utandu wa gundi unaoziba kabureta, hivi kwamba petroli iliyokaa miezi kadhaa katika joto inaweza kumrudisha mwenye chombo kwa fundi. Dizeli haitoroki kwa kasi hiyo, lakini maji yanayoingia kwenye pipa hukaa chini, na vijidudu huota pale maji na mafuta yanapokutana, kisha huziba chujio. Joto pia hupanua petroli: lita 20 zikipashwa kwa nyuzi 12 za Selsiasi huongezeka kwa karibu robo lita, na dumu lililojazwa hadi mdomoni huvimba au kuvuja.

Hasara ya pili ni ya uhai. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji kupashwa zaidi ya nyuzi 50, na kwa sababu hiyo vimiminika hivi havipaswi kutendewa kama kitu kimoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na hufika kwenye jiko la mkaa au la gesi lililo chumba cha pili, na asilimia 1.4 tu ya mvuke huo ndani ya hewa yatosha kuwaka. Mnamo tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka huku watu wakichota petroli kwa madumu. Huko Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, maafa ya namna hiyo pia yaliua zaidi ya watu 100. Matukio hayo yalitokea barabarani, lakini mvuke ulioua huko ni uleule unaotoka kwenye dumu lililo chini ya kitanda.

Kuhamisha mafuta ndiko kunakoleta hatari kubwa kuliko kuyaweka, kwa kuwa wakati huo mvuke huwa nje ya chombo. Wengi huvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira, na tone dogo likiingia mapafuni linaweza kusababisha nimonia kali, wakati pampu ya mkono yenye kitufe cha mpira hufanya kazi hiyohiyo bila mdomo kuhusika. Mpira hufanya kazi kwa tofauti ya kimo tu: chombo chenye mafuta kikiwa juu na kinachopokea kikiwa chini, mafuta hushuka yenyewe yakishaanza kutiririka. Dumu linalojazwa kituoni liwekwe ardhini, wala lisiachwe juu ya kapeti la gari au plastiki ya pikapu, kwa kuwa mafuta yanayotiririka huzalisha umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya bila waya, ambayo ardhi huipokea na plastiki huizuia. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu, na nafasi iachwe juu kwa ajili ya upanuzi. Injini izimwe na ipoe kabla ya kumiminiwa, na kazi ifanyike nje, mchana, mbali na sigara na moto wa kupikia. Chupa ya soda au ya maji isitumike kamwe, kwa sababu mtoto hunywa kile anachokiona ndani ya chupa anayoizoea, na mafuta ya taa yaliyowekwa hivyo yamewadhuru watoto wengi.

Dawa ya kudumu imo katika kuondoa sababu inayowafanya watu waweke madumu, yaani umbali. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 inahitaji leseni kwa anayeuza mafuta, na EWURA imelegeza masharti ya ujenzi wa vituo vidogo vijijini ili kumpa mwekezaji mwenye mtaji mdogo nafasi ya kuuza kwa pampu iliyohakikiwa, kutoka tangi lililo salama. Halmashauri, vyama vya ushirika, vikundi vya wavuvi na vyama vya bodaboda, ambavyo tayari hukusanya fedha za wanachama, vina uwezo wa kuunganisha nguvu na kujenga kituo kimoja kinachohudumia vijiji kadhaa. Anayeishi mjini karibu na pampu hana faida inayotosha kulaza petroli ndani ya nyumba yake, na anayelazimika kuiweka kwa sababu ya umbali aiweke kidogo, kwa muda mfupi, katika chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ndani ya kibanda chenye hewa kilichojitenga na nyumba. Akiba ya shilingi 2,000 haitoshi kulipia dari moja iliyoungua.