Mgomo wa Wanunuzi Ulioitikisa Port Elizabeth

Kwa Watanzania wengi, habari za kupigania uhuru wa Afrika Kusini huanzia Kongwa, mkoani Dodoma, ambako wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC, walikuwa na kambi kuanzia mwaka 1964. Wanastahili kukumbukwa. Ila jeshi la makaburu liliwazidi silaha, fedha na ndege, na kutoka Kongwa hadi Johannesburg ni safari ya kuvuka nchi kadhaa.

Jeshi hilo halikuwa na dawa ya mtu aliyekataa kununua sukari.

Julai 1985, wakazi weusi wa Port Elizabeth, wakiongozwa na Mkhuseli Jack, kijana ambaye hata miaka thelathini hakuwa ameifikisha, waliyagomea maduka ya wazungu. Walitaka askari waondoke vitongojini, ubaguzi katika huduma za umma ukome, na wafungwa wao waachiwe. Siku chache baadaye Rais P.W. Botha akatangaza hali ya hatari katika wilaya 36, Port Elizabeth ikiwemo. Askari wakajaa mitaani, viongozi wakawekwa ndani, na maduka yakaendelea kukosa wateja. Sheria gani itamlazimisha mama kununua shati asilolitaka?

Wenye maduka hawakuwa wanaharakati hata kidogo. Walihesabu hasara, kisha wakaenda wenyewe kuiomba serikali iwaachie watu iliowafunga. Novemba wakaachiwa, na mgomo ukasitishwa kwa muda.

Tusiupambe kupita kiasi. Katika migomo ya aina hiyo nchini humo, wapo waliokamatwa na vijana wakirudi na bidhaa za mjini, wakalazimishwa kunywa mafuta ya kupikia au kula sabuni. Mwanamke mzee aliyefanyiwa hivyo hakuona amani yoyote katika harakati za amani. Na Juni 1986 Botha aliitangaza hali ya hatari nchi nzima, akawatia ndani maelfu.

Lakini matajiri walikwisha kusoma alama za nyakati. Septemba 1985 Gavin Relly, mwenyekiti wa kampuni ya Anglo American, alisafiri hadi Zambia kuonana na Oliver Tambo wa ANC, chama kilichopigwa marufuku kwao. ANC ilisitisha mapambano ya silaha Agosti 1990. Kufikia hapo, wenye mali walikuwa wameshazungumza nayo kwa miaka mitano.