Tunduma na Hesabu ya Mtawanyiko

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha nadharia ya taarifa, iliyokusudiwa kupima ujumbe unaosafirishwa kwa simu na telegrafu, na msingi wake ni kwamba taarifa ni kile kinachopunguza shaka. Kipimo cha shaka hiyo huitwa entropi, nacho huhesabiwa kwa biti, yaani wastani wa maswali ya ndiyo au hapana yanayotosha kulifikia jibu. Mwaka 1974 Michael Batty wa Uingereza alikitumia kipimo hicho kuchunguza namna watu wanavyotawanyika katika miji.

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa na wakazi wapatao 97,000 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya 219,000. Takwimu hizo hueleza ukubwa wa mji, lakini umbo lake haziligusi. Mji ukigawanywa, kwa mfano, katika kanda nne zenye nyumba sawa, maswali mawili hutosha kujua nyumba fulani imo katika kanda gani, kwa hiyo entropi ni biti 2. Nyumba saba kati ya kumi zikiwa kando ya barabara kuu, na kanda nyingine zikabaki na moja moja, entropi hushuka hadi biti 1.36 hivi, kwani anayekisia kuwa nyumba iko kando ya lami mara nyingi hupatia.

Mvuto wa lami una sababu zake. Dereva wa lori anayesubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia huhitaji mama lishe, fundi wa matairi, gesti na mtu wa kumbadilishia kwacha, na wote hao hutafuta riziki hatua chache tu kutoka kwenye foleni. Kodi za vyumba zikipanda hapo, wajenzi husogea mbali na barabara, na entropi hupanda miaka kadhaa kabla bomba la maji halijawafikia. Ndiyo maana kipimo hiki kingestahili kuhesabiwa kila mwaka, bila kungoja sensa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, hupotosha ikikomea mpakani. Nadharia hiyohiyo ina kipimo cha taarifa ya pamoja, kinachoonesha ni kwa kiasi gani kujua jambo moja hupunguza shaka kuhusu jingine, na anayeijua bei ya mahindi sokoni Tunduma tayari ameshajua mengi kuhusu biashara ya siku hiyo upande wa pili, Nakonde.