Kwa Nini Mtoto Arudi Kliniki Akiwa na Miezi 18?

Katika kutembelea sharika tumeona kwamba wazazi wengi huacha kliniki mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Mtoto ananawiri, na kadi inawekwa sandukuni. Lakini tangu mwaka 2014 ratiba ya chanjo ya Tanzania ina dozi ya pili ya surua na rubela, inayotolewa mtoto akifikisha miezi 18. Hiyo ndiyo inayosahauliwa.

Chanjo inafanyaje kazi?

Ndani ya chanjo ya surua mna virusi vya surua vilivyodhoofishwa. Havina nguvu ya kumwangusha mtoto, ila vinaufundisha mwili kumtambua adui na kutengeneza kinga.

Mtoto huzaliwa na kinga kiasi kutoka kwa mama yake. Kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu, huizuia chanjo kufanya kazi, na ndiyo maana tunangoja miezi 9. Hata hivyo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa katika umri huo, takriban 85 ndio wanaopata kinga. Wale 15 wamechomwa sindano na kadi zao zimejazwa, lakini surua ikiingia kijijini wataugua. Kwa macho hatuwezi kuwatambua. Dozi ya pili huwapa nafasi nyingine.

Je, watoto 85 hawatoshi?

Kwa surua hawatoshi. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili ugonjwa ukose njia, watu 95 hivi kati ya 100 wanapaswa kuwa na kinga. Tukifikia hapo, hata mtoto wa miezi mitano ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika anahifadhiwa na wenzake. Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walipoteza zaidi ya watu 7,000 kwa surua kati ya 2018 na 2020, wengi wao watoto wadogo.

Tatizo la kichupa

Chanjo hii huja ikiwa unga, mara nyingi katika kichupa cha dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake maalumu, inatumika ndani ya saa 6, kisha inayobaki hutupwa. Akija mama mmoja peke yake, mhudumu husita kufungua kichupa, na mama huambiwa arudi siku nyingine. Mtoto hatakiwi kurudishwa kwa sababu hiyo, lakini hutokea. Aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni huenda asirudi tena.

Kamati za sharika zifanye nini?

1. Ziulize zahanati siku ya chanjo ya surua, na kuitangaza Jumapili baada ya ibada, ili kina mama waende pamoja.

2. Zipitie kitabu cha ubatizo na kuorodhesha watoto waliofikisha miezi 18. Wazee wa usharika wawatembelee na kuomba kuona kadi.

3. Ziwaeleze wazazi kwamba aliyechelewa asione aibu. Mtoto aliyepitisha miezi 18 bado anaweza kuchanjwa.

Kwa wafadhili wetu: chanjo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 hadi inapomfikia mtoto. Michango yenu ya majokofu ya umeme wa jua na mafuta ya pikipiki za huduma ya mkoba inaifikisha chanjo kijijini ikiwa salama. Kazi iliyobaki ni yetu sote, kuhakikisha kwamba siku kichupa kinapofunguliwa, watoto kumi wapo wakisubiri.