Kufakamia si kula sana, wadau tuelewane

Wadau, leo naomba tuchambue neno moja tu: KUFAKAMIA. Ukikulia Nachingwea au Ruangwa neno hili unalisikia kabla hujajua kusoma, maana mtoto hutupiwa pale anaponyoosha mkono kwenye sinia. "We! Usifakamie, chakula hakina miguu hicho!" Sasa swali langu: huyo mtoto kakosa nini hasa? Kala kingi? Hapana. Hapo ndipo wengi tunapochanganya.

Kufakamia si kula sana. Anayekula sana ana jina lake, anaitwa mlafi. Huyo kashiba lakini hataki kuacha. Kufakamia ni NAMNA ya kula: kwa pupa, tonge la pili linaingia la kwanza halijashuka, halafu mtu anapaliwa, watu wanaanza kumpiga mgongoni. Mtu anaweza kufakamia kisahani kimoja tu cha wali. Na mwingine akala sahani tatu taratibu, anapiga stori, anachokonoa meno, asifakamie hata kidogo.

Neno hili lina ndugu zake, na kila mmoja ana kazi yake.

Kubugia ni kwa vitu vikavu, vile unavyojaza kiganjani ukamimina mdomoni: karanga, ufuta, korosho za kukaanga, sukari. Mtoto akiiba sukari kabatini hafakamii, anabugia. Kubwia ni karibu na hapo, ila mjini neno limehamia kwenye dawa za kulevya, ukisikia "yule anabwia" ujue habari ya unga, na si ule wa ugali. Kugida ni kwa vya maji: togwa, pombe, na msimu wa mabibo kuna uraka, watu wanagida mpaka jua linazama. Kupapia ndiyo pacha wa kufakamia, maana ni ile ile. Kwa hiyo ukisema "kafakamia uraka" watu watakuelewa, lakini watakuona mgeni kidogo.

Halafu neno likatoka kwenye chakula likaingia kwenye mambo. Mtu akirukia shughuli asiyoijua anaambiwa "usifakamie mambo". Na kama mnataka mfano mkubwa wa kufakamia mambo, tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mvua hawakuzipima vya kutosha, ardhi hawakuijaribu vya kutosha, mashine zikaletwa nyingi tu zikashindwa na mapori. Kusini wakajenga bandari Mtwara na reli mpaka Nachingwea ili kubeba karanga ambazo zilikuwa bado hazijaota. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimeteketea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa. Wahenga walishasema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Turudi kwenye sinia. Kwa nini neno hili linauma hivi? Kwa sababu sinia si lako peke yako. Mmezunguka watu watano, sita, ugali mmoja, mboga bakuli moja. Mkono wako ukienda haraka, kuna mkono mwingine unarudi mtupu, na mara nyingi ni wa yule mdogo kuliko wote. Wazee walitufundisha: kula mbele yako, tonge la kiasi, mboga chovya usichote. Kumwambia mtu "usifakamie" ni kumwambia kumbuka wenzako. Kwa maana hiyo ni neno la haki, na mimi silipingi.

Ila kuna upande wa pili, na ndio ulionifanya niandike.

Angalieni nani anaambiwa neno hili. Mtoto. Mgeni aliyetoka safari ndefu. Kibarua aliyelima tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. Yaani mara nyingi tunamwambia mtu mwenye njaa. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, na kati ya Januari na Machi mahindi na mtama bado viko shambani, ghalani hakuna kitu. Watu wanaingia porini kuchimba ming'oko. Mtoto aliyeshindia ming'oko na chumvi, ukimwekea wali mbele yake, unategemea ale kwa adabu gani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Na miezi hiyo hiyo ndipo kangomba anapopita. Wa huku mnamjua, wa mbali niwaeleze. Ni mnunuzi anayezunguka kimya kimya nje ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, anapima korosho kwa chombo chake badala ya mzani. Anakukuta huna unga, anakupa hela kidogo, msimu ukifika korosho zako zinahesabiwa zake. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingizwa kazini, vita ilikuwa pia dhidi ya kangomba. Lakini mkulima aliyeuza hivyo watu walimsema vipi? "Tamaa yake, kafakamia hela." Jamani! Yule hakufakamia hela, alinunua unga. Na aliyekula pale kwa utulivu kabisa, bila kupaliwa, ni mwenye chombo.

Sasa tazameni magazeti yetu. Mtu akiiba hela ya umma kichwa cha habari kinasema "katafuna mamilioni". Katafuna! Fedha za EPA, shilingi bilioni 133 zilizotoka Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06, tulisoma kwamba zimechotwa, zimetafunwa, zimeliwa. Kufakamia husikii sana. Na kwa kweli lugha haijakosea. Kufakamia kuna kelele, kila mtu anakuona. Mwizi mkubwa hafakamii, anatafuna taratibu, mdomo umefungwa, leso mkononi. Ndiyo maana tunachelewa kumwona.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Neno tulitunze, lina kazi yake kwenye sinia, na mtoto lazima afundishwe. Ila kabla hujamtupia mtu, jiulize: huyu ana pupa au ana njaa? Mwenye pupa mkemee. Mwenye njaa msogezee bakuli la mboga, mkishiba wote ndipo mzungumze habari za adabu. Na yule anayetafuna kimyakimya naye mmtazame mkono, msimwache kwa kuwa tu anakula kistaarabu.

Wadau wa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Masasi, kwenu mnatumia neno gani? Na wanaojua Kimwera, Kiyao na Kimakonde tuleteeni ya kwenu, tujifunze. Karibuni, ila msifakamie mjadala, mmoja mmoja.