Rejeta Iliyotumika Isafishwe Kabla ya Kufungwa



Gari la zahanati likichemka njiani, anayeumia ni mgonjwa. Rejeta mpya ilikuwa ghali, tukanunua iliyotumika. Ndani tulikuta kutu na oili. Fundi alikataa kuifunga: oili huganda kwenye vijia vya maji na kuzuia joto kutoka, tena huharibu mipira.

Tulifanya hivi:

1. Tuliosha oili kwa maji ya moto na sabuni, tukarudia mpaka maji yakatoka bila utelezi.

2. Tuliingiza maji kwa tundu la chini yatokee juu, kinyume cha mwendo wake wa kawaida, ili uchafu ung'oke. Nguvu ya maji isiwe kubwa.

3. Kutu tuliilegeza kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa muda mfupi tu, kwani asidi hula alumini. Kisha tulisuuza sana.

4. Tuliziba matundu, tukaizamisha majini na kutia upepo kidogo. Mapovu yangeonyesha inapovuja.

Mwisho tulijaza kulanti na maji safi, nusu kwa nusu.

Kulanti ni sumu, na ina ladha tamu. Ikimwagwa ovyo, watoto na mifugo wataionja. Maji machafu yakusanywe kwenye dumu.

Oili ikionekana kwenye rejeta ya gari lenu wenyewe, tafuteni kwanza inakotoka, mara nyingi ni gasketi. Bila hivyo, mtaosha tena mwezi ujao, kwa sadaka za waumini.